Mwaka Tuliosafisha Michikichi

Jirani yangu pale sokoni Mwanga anasaga viungo vya chai, na siku anazosaga shamari mimi hufunika cherehani nikatoka nje. Wateja wanadhani nina madaha. Ukweli ni kwamba harufu ile hunirudisha chini ya michikichi ya baba, na huko sina hamu ya kurudi. Wenzangu mliokulia Ujiji mnajua harufu ya mawese yakichemka, imetushika nguoni tangu utotoni. Lakini sijui ni wangapi mliwahi kusogeza pua kwenye ua la mchikichi asubuhi, umande haujakauka. Sisemi lile ua linalokuja kuwa mkungu. Nasema lile jingine, lenye vidole vingi vya njano, ambalo halizai kitu. Lile linanuka shamari tupu.

Shamba letu lilikuwa peke yake mwisho wa mji, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Luiche. Pande zote lilizungukwa na nyasi, na nyasi zenyewe zilinipita kichwa. Zilikuwa na panzi, vipepeo weupe, nyigu wembamba wenye kiuno cha uzi, na maua madogo ya zambarau ambayo sijawahi kujua jina lake. Babu ndiye aliyeipanda michikichi ile, na ndiye aliyemkaribisha Bibi Yozefina kukaa kwenye kibanda pembeni ya shamba. Bibi Yozefina alitoka upande wa Burundi akiwa msichana, akapita Kagunga alikokuwa na dada yake, mwisho akaangukia kwetu. Kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Alichemsha chikichi kwenye pipa, akazitwanga, akazikamua, na sehemu ya mafuta ikawa yake. Babu alipofariki, makubaliano yale yalibaki katika hiari ya baba, hakuna karatasi. Ujiji nzima Bibi hakuwa na ndugu. Kibanda kile na pipa lile ndiyo yalikuwa maisha yake yote.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alituita kuku wa mjini, hakutupa mise, zile kokwa za chikichi, za kutafuna mpaka tumemchotea maji, na ukigusa chungu chake mwiko ulitua kwenye vidole vyako kabla hujajua umetoka wapi. Mimi nilimwogopa, na kwa sababu nilimwogopa nilipenda sana kumkuta na kosa. Kosa nililompata ni uchafu wa shamba. Yeye alifyeka duara tu kuzunguka kila shina, nyasi nyingine zote akaziacha zisimame na maua yao. Ukimwuliza, anasema nyasi nazo zina watu wake.

Nilikuwa binti wa nne kwa baba ambaye hakupata mtoto wa kiume. Hakuwahi kusema kwamba inamuuma, lakini kaka yake, baba mkubwa, alilisema kwa niaba yake kila alipokuja kutusalimia. Kazi ya michikichi ni ya wanaume, kupanda kwa kamba na panga, na baba alikuwa anapanda mwenyewe huku mgongo unamsumbua. Mimi nikaamua kichwani mwangu kwamba nitakuwa mwanawe wa kiume. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kumfuata shambani kila nikitoka shule, nikibeba kiroba.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa darasa la tatu alichora mdudu ubaoni, mkubwa, mwenye meno, akaandika chini yake: adui wa mkulima. Tukanakili. Nilipokwenda shambani jioni ile nikaanza kumtafuta adui, na nilimpata upesi. Yale maua yenye vidole yalikuwa yamejaa wadudu wa kahawia, wadogo kama punje ya mtama, kila mmoja ana pua iliyochongoka. Nikilitikisa ua wanamwagika mkononi pamoja na unga wa njano, wanatembea hadi kwenye kiwiko. Na maua yaliyokaa siku kadhaa yalikuwa meusi, laini, ukivunja unakuta funza weupe ndani. Nilitazama, nikatoa hukumu. Wadudu wamelila ua hili, wakilimaliza watahamia kwenye mkungu.

Nilimwonyesha baba. Alichuchumaa, akalivunja ua, akawaangalia funza kwa muda mrefu. Baba alizaliwa chini ya michikichi lakini alikuwa mtu wa kupanda, kukata mikungu na kushuka. Habari za maua hakuwahi kuzishughulikia. Wiki ile baba mkubwa alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba shamba la marehemu baba yao limegeuka kichaka cha fisi.

“Ua lenyewe halizai,” baba alisema. “Linanyonya nguvu ya mti bure. Na sasa linafuga wadudu.”

Akanipiga begani kidogo, kama anavyompiga mwanamume mwenzake. Mpaka leo najua ni bega gani.

Tukaanza na nyasi. Ilikuwa kiangazi, zimekauka, na moto ulizila siku mbili. Mwewe walikuja kutoka sijui wapi, wakawa wanadaka panzi waliokuwa wanaruka kuukimbia moshi. Nilifurahi. Nilisimama kwenye majivu nikaona shamba letu limekuwa jeusi na safi kama sufuria iliyosuguliwa, unaona kutoka shina la kwanza hadi la mwisho. Kisha tukaingia kwenye maua. Baba alikata ya miti mirefu, mimi nikakata ya mifupi kwa panga tulilolifunga kwenye ufito mrefu. Kila ua lenye vidole, bichi kwa jeusi, tuliliangusha, tukalitia kwenye viroba, tukavirundika na kuvichoma. Wadudu walilia kwenye moto kama chumvi. Tulifanya hivyo kila Jumamosi, msimu mzima, maana miti haikuacha kutoa maua mengine. Wageni wakija, baba aliwaambia huyu ndiye bwana shamba wangu. Nilikuwa sijawahi kuwa na furaha kiasi kile, na naandika hivyo bila kupunguza.

Bibi Yozefina alikuwa amekwenda Kagunga kumuuguza dada yake. Aliporudi alikuta majivu. Nilikuwa peke yangu siku hiyo, nimelielekeza panga juu, na alikuja akichechemea haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

“Oya, mwana wanje, oya. Hapana, mwanangu. Acha hilo ua.”

“Lina wadudu, bibi.”

“Ndiyo lina wadudu. Hao ndio wanaoupa mti mimba.”

Mimi mtoto wa madrasa, wa miaka tisa, kusikia neno mimba kutoka kwa mtu mzima nilishikwa na aibu hadi masikioni. Nilidhani ananitukana, au ananifundisha mambo machafu. Nilikimbia nyumbani nikamwambia baba kwamba Bibi amesema maneno mabaya. Baba akaenda kwake amekasirika tayari, na mimi nikamfuata nyuma. Hakumpa nafasi ya kueleza chochote. Bibi naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisimama mlangoni pa kibanda chake, mikono kiunoni, na majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama kusikiliza.

“Baba Zuhura, mkiyakata haya na kuwachoma hawa, michikichi haitazaa. Mimi nakwambia. Mwaka ukigeuka utaona.”

“Bibi, wewe kamua mafuta,” baba alisema. “Shamba niachie mimi.”

Mchikichi hauna haraka. Mikungu iliyokuwa imeshika mimba kabla ya usafi wetu iliendelea kuiva, tukavuna, baba akawa anamcheka Bibi kwa mbali. Kisha mvua zikaja, zikaenda, na mikungu ikaanza kutoka ya ajabu. Ilikuwa na miiba mitupu. Katikati ya miiba unakuta chikichi chache, ndogo, kavu, na zilizobaki zimeoza zikiwa changa. Ukiukata mkungu ulikuwa mwepesi, unanuka uvundo. Baba alipanda mti mmoja hadi mwingine, akashuka. Viwavi nao wakaingia kwenye majani wakayatoboa mpaka yakawa kama chekeche, na hatukuwahi kuwa na viwavi vile. Pipa la Bibi likakaa bila moto. Dada Zuhura, mkubwa wetu, aliyekuwa akisoma bweni, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akawa analala mchana kutwa ameugeukia ukuta.

Hakuna aliyefikiria maua. Nasema hivyo kwa sababu najua mtaniuliza, mliwezaje kutoona? Kati ya panga na mkungu uliooza palikuwa na miezi mingi, na katika miezi hiyo tuliendelea kukata. Tena tulikata kwa bidii zaidi, kwa kuwa tuliona wadudu bado wapo wachache. Kilichokuwa karibu, kilichokumbukwa na kila mtu, ni maneno ya yule mwanamke aliyesimama mlangoni.

Baba mkubwa ndiye aliyeyatamka kwanza. Baada ya swala ya Ijumaa walikaa barazani kwetu, yeye, baba, mjumbe wa nyumba kumi, na wale majirani wawili. Mama alikuwa ndani, akapita mara moja na chai, hakuinua macho. Bibi Yozefina aliitwa akakalishwa kwenye kigoda peke yake. Mimi niliitwa kutoka uani.

“Mwanangu,” mjumbe aliniuliza kwa upole, “wewe ulimsikia Bibi akiisemea michikichi?”

“Ndiyo.”

“Alisema nini?”

“Alisema haitazaa.”

“Alisema hivyo kabla haijaharibika, au baada?”

“Kabla.”

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nimeyapitia maneno yale mara nyingi kuliko sura yoyote niliyohifadhi madrasa, na hakuna uongo hata mmoja. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimeshika nini mkononi siku ile, kabla Bibi hajasema. Nilimtazama baba, nikadhani ataeleza habari ya maua. Alikuwa anaangalia kucha zake.

“Niliwaambia kwa sababu ya wadudu,” Bibi alisema. “Mimi sina dawa. Nimekaa na miti hii kuliko ninyi nyote.”

“Ndiyo maana unaijua njia ya kuifunga,” baba mkubwa akajibu.

Asubuhi yake vijana walikuja kuezua kibanda. Hawakumpiga, na kwa jambo hilo watu wa kwetu wanajisifu hadi leo. Walimsubiri afunge mizigo yake, wakamsindikiza hadi ufukweni, wakamtia kwenye boti la Kagunga. Kinu chake walimkataza asikiguse, wakakichoma. Nilisimama njiani na watoto wenzangu. Alipopita karibu yangu sikujificha, kwa sababu nilijiona sina kosa. Niliona mwanamke mchafu, mkali, aliyetuharibia, anakwenda zake. Nilihisi usalama.

Halafu likaja lile lililotufunga macho kabisa. Baba alikata tamaa na shamba. Mgongo ulimzidi, panga likakaa darini, na mimi sikutaka tena kwenda mahali palipokaliwa na mchawi. Nyasi zikarudi. Maua yenye vidole yakatoka, yakanuka, yakaoza kwa amani yao. Mwaka uliofuata mikungu ikaanza kutoka mizito, chikichi zimebanana, nyekundu, zinang'aa. Watu walikuja kutoka Kasingirima kuishangaa. “Mmeona?” baba mkubwa akawa anawaambia. “Amekwenda na mambo yake.” Mtu angetaka ushahidi gani zaidi ya huo? Dada Zuhura akarudi shule. Mama alipika pilau, nasi tukala tukashiba.

Nimekua na hadithi hiyo. Nimewasimulia wanangu, Mungu anisamehe, kama hadithi ya kutisha ya jioni, na nilikuwa na sauti maalumu ya kumwigiza Bibi.

Mwaka huu kijana mmoja ofisa kilimo, mgeni, ametoka Dodoma, alikuja kuwatembelea wakulima wanaotaka kupanda michikichi mipya. Baba sasa ni mzee wa fimbo. Nilimpeleka mimi, nikamtafutia kiti. Yule kijana alikata ua lenye vidole, akalitikisa juu ya karatasi nyeupe, na wale wadudu wa pua iliyochongoka wakamwagika.

“Wazee wangu, hawa msiwapulizie dawa,” alisema. “Hawa ndio wafanyakazi wenu. Wanazaliana kwenye ua dume hili, wanajipaka unga wake, halafu wanaufuata ua jike kwa harufu. Wasipofika, mkungu unaoza ukiwa mchanga. Na nyasi zenye maua msizimalize zote. Nyigu wanaokula viwavi wa majani wanaishi humo.”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba, namwona kisogo tu. Akainua fimbo kuomba nafasi.

“Na mtu akiyakata hayo maua yote?”

Kijana alicheka, cheko la heshima. “Mzee, nani atafanya hivyo?”

Wengine nao wakacheka. Baba akashusha fimbo. Jioni nilipomkalia mbele nikamwambia, baba, tulimfukuza bure yule bibi, alijibu kwamba mambo yaliyopita si ndwele. Nikamwambia huo ni msemo wa mtu aliyekosewa, siyo wa mtu aliyekosa. Akaomba maji ya kutawadha.

Siku ya tatu nilikwenda Kibirizi nikapanda boti. Kagunga nilipouliza yule bibi aliyetoka Ujiji zamani, watu walitazamana kwanza, halafu wakanionyesha nyumba kwa kidevu. Nilimkuta mwanamke wa umri wangu, Adela, mjukuu wa yule dada yake Bibi. Bibi Yozefina alikuwa amefariki miaka mingi. Adela alinikaribisha vizuri, akanipa stuli, akadhani mimi ni jamaa aliyekuja kutoa pole iliyochelewa.

“Alikuwa msumbufu?” nilimwuliza, maana sikujua pa kuanzia.

“Msumbufu? Bibi yule hakuwa na neno. Akipita shambani kwa mtu alikuwa anaziba mdomo kwa kanga, hivi. Mimi nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza hakunitazama mpaka nilipojifungua. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, mwana wanje, mdomo wangu una kitu. Niliisemea michikichi ya watu ikaharibika.”

“Alisema hivyo yeye mwenyewe?”

“Mwanzoni alikuwa anakataa, anasema ni wadudu, ni wadudu. Miaka ilipokwenda akakubali.”

Nililia pale kwenye stuli, na nilijichukia kwa kulia, kwa kuwa ilimfanya Adela anibembeleze mimi. Nilipoweza kusema nilimweleza yote, na safari hii nilianza na panga. Nikaeleza moto, viroba, Jumamosi zote zile, kikao, na swali ambalo halikuulizwa. Alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake uliokuwa begani kwangu aliutoa taratibu, akauweka pajani.

“Ilizaa tena?” akauliza.

“Ilizaa. Mwaka uliofuata tu.”

“Na hakuna aliyekuja kumwambia.”

“Hakuna.”

Aligeuka kutazama ziwani. Chini ufukweni wanawake kama watano walikuwa wameinama mchangani, wanageuza dagaa.

“Wale unaowaona pale,” alisema, “mtoto wao akiugua, walikuwa wanakuja hapa kuuliza kama Bibi amemsemea. Siku ya kumzika Bibi tulikuwa watu sita. Mimi kuniambia haitoshi, mimi nilimpenda na kitu chake hichohicho. Nenda kawaambie wale.”

Nilitaka kumwuliza kama atanisindikiza. Alikuwa ameshasimama, ameingia ndani. Nikavua viatu kwa ajili ya mchanga, nikashuka. Nikawasalimu, nikawaambia natoka Ujiji, nimekuja kwa habari ya marehemu Bibi Yozefina, na kwamba mimi ndiye niliyeyakata yale maua.

“Maua gani?” mmoja akauliza, bila kuacha kugeuza dagaa.